Msambu kuanzia mbegu hadi shambani: mwongozo kamili kwa aliyeotesha akashindwa

Malalamiko ni yale yale kila mwaka. Mbegu za msambu zimefukiwa, zimemwagiliwa miezi minne, hakuna hata moja iliyochomoza, na tuta limelimwa upya likapandwa mchicha. Mara nyingi mbegu hizo zilikuwa hai kabisa. Mbegu ya msambu ikifukiwa pamoja na ganda lake hukaa miezi 6 hadi mwaka na nusu ndipo iote, na nyingine huchukua muda mrefu kuliko huo. Zile zilizokufa kweli, nyingi ziliuawa na jua hata kabla ya kufika kitaluni, kwa sababu mtu alizianika kama anavyoanika maharage.

Mti tunaouzungumzia ni Allanblackia stuhlmannii, mti wa kijani mwaka mzima ambao kwa asili hupatikana Tanzania peke yake, kwenye misitu ya milima ya mashariki kama Usambara, Nguru, Uluguru na Udzungwa. Usambara huitwa msambu, kwingine mkanyi. Umo katika orodha ya kimataifa ya miti inayokabiliwa na hatari ya kutoweka, na kila mche unaofika utu uzima kwenye shamba la nyumbani una thamani.

## Je, eneo lako linaufaa?

Msambu hustawi zaidi kwenye mwinuko wa mita 800 hadi 1,200, penye mvua ya milimita 1,200 au zaidi kwa mwaka, na udongo wenye kina usiotuamisha maji. Kipimo cha haraka ni hiki: kama iliki inastawi kwako bila kumwagiliwa, msambu nao utastawi. Kama zao linalokupendeza ni korosho, mahali pako ni pa joto na pakavu mno. Dar es Salaam, Tanga mjini na nyanda za chini za Muheza usihangaike.

Msomaji wa Kivu au wa kusini magharibi mwa Uganda, kwako kuna ndugu yake, Allanblackia kimbiliensis. Tafuta huo, usihamishe wa Usambara.

Pima nafasi pia. Mti huu hupita mita 30 kwa urefu, na tunda lake moja lina uzito wa kilo 2 hadi 6 na huanguka lenyewe bila taarifa. Kaa mita 12 au zaidi kutoka kwenye paa, njia ya kupita watu, banda la mifugo na waya za umeme. Nyumba ya bati na msambu jike, yaani ule unaozaa matunda, havikai jirani.

## Vifaa, kwa lengo la kupata miche 10

- Matunda 2 yaliyokomaa, kutoka miti miwili tofauti ukiweza. Tunda moja huwa na mbegu 40 hivi, mengine hufika 100. Utahitaji mbegu 40 nzuri.
- Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko.
- Vumbi la mbao isiyotiwa dawa, au mchanga wa mto uliooshwa, nusu ndoo.
- Viriba 25 vyenye upana wa sm 15 na kina cha sm 25. Vifupi zaidi ya hapo hukunja mzizi mkuu.
- Udongo wa juu uliochukuliwa chini ya misambu au miti mingine ya asili, debe 3. Mchanga debe 1. Samadi iliyooza kabisa debe 1.
- Kisu kidogo, koleo ndogo na glavu.
- Wavu wa waya wenye matundu madogo, wa kufunika kitalu chote.
- Neti ya kivuli, au makuti na majani ya migomba.
- Kwa kubebesha (kuunganisha kijiti cha mti jike juu ya mche, Hatua ya 7): wembe mpya, utepe wa nailoni wenye upana wa sm 1.5, mifuko midogo angavu.
- Lebo na daftari. Bila lebo utapoteza kumbukumbu ya mti mama, na baadaye utaijutia.

## Hatua ya 1: Okota tunda lililoanguka lenyewe

Matunda mengi huanguka kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi. Usipande mtini kuyachuma. Tunda la msambu likiwa juu huonekana limekomaa miezi mingi kabla ya kukomaa kweli, na mbegu za tunda lililochumwa huoza ndani ya ndoo.

Chagua tunda zito, la kahawia, lisilo na tundu la panya wala ufa mweusi. Mti mama uwe wenye shina lililonyooka na unaozaa kila mwaka. Waulize wenyeji, maana kila kijiji kinajua misambu yake inayozaa sana.

Okota kwenye mashamba kwa idhini ya mwenye shamba. Ndani ya hifadhi, kama ile ya mazingira asilia Amani, usichukue kitu bila kibali.

## Hatua ya 2: Lainisha tunda, kisha toa mbegu

Tunda lililoanguka leo bado ni gumu. Ukilikata kwa panga utakata na mbegu. Liweke chini kivulini, lifunike kwa majani mengi mabichi, na uliache wiki 1 hadi 3. Weka jiwe au wavu juu, kwa sababu panya buku hupenda mbegu hizi kuliko unavyozipenda wewe, na hubeba tunda zima usiku mmoja.

Likibonyea kwa kidole gumba, lipasue kwa mikono. Ndani utakuta safu za mbegu kubwa za kahawia zenye pembe, karibu sm 4 kwa urefu, zimezamishwa kwenye nyama inayoteleza kama ute wa bamia. Sugua kwa mchanga na maji mpaka ute wote uishe. Ute ukibaki huleta ukungu.

Tahadhari kubwa ya mwongozo wote iko hapa: usianike mbegu. Mbegu ya mahindi hukaushwa ili itunzwe; mbegu ya msambu ikikauka imekufa, na hakuna kuloweka kutakakoirudisha. Usiiweke kwenye friji pia. Ikibidi kusubiri, izike kwenye vumbi la mbao lenye unyevu, kivulini, isizidi wiki 2 au 3.

Usitegemee jaribio la kutupa mbegu majini ili zinazoelea zitupwe. Zaidi ya nusu ya uzito wa kiini cha mbegu hii ni mafuta, na kuelea kwake hakukwambii lolote la maana. Badala yake, toa sadaka mbegu 3 na uzikate katikati. Kiini kizuri ni cheupe au cha rangi ya maziwa, kigumu, na kidole kinabaki na mafuta. Kiini cha kahawia, laini, chenye harufu ya mafuta yaliyoharibika, ni dalili kwamba tunda zima halifai.

## Hatua ya 3: Vua ganda

Ganda la kahawia ndilo linaloilaza mbegu. Kulivua hupunguza kusubiri kwa miezi mingi, na ni kazi ambayo watu wengi huiruka kwa sababu inachosha.

Loweka mbegu kwenye maji safi kwa saa 24. Zitoe tano tano, zilizobaki ziendelee kukaa majini. Shika mbegu kwa kidole gumba na cha shahada, tia ncha ya kisu chini ya ganda kwenye pembe mojawapo, kisha inua kidogo. Ganda hupasuka kwa mlio mdogo na kuachia kipande. Kuanzia hapo endelea kwa kucha au koleo, ukimenya kipande kwa kipande kama anayemenya yai lililochemshwa lenye ganda linalong'ang'ania.

Zingatia ncha mbili za kiini. Mzizi hutokea ncha moja na chipukizi ncha ya pili. Kisu kikikwangua ubavu, mbegu huweza kupona. Kikikata ncha, umeipoteza. Anza na mbegu zenye sura mbaya mpaka mkono uzoee, kisha ndiyo uguse zile bora.

Kwa kazi nzuri utabaki na viini vizima, vyenye kuteleza kwa mafuta, visivyo na jeraha. Kama kati ya 40 umejeruhi 5, umefanya vizuri.

## Hatua ya 4: Atamiza mbegu ndani ya ndoo

Mwagia vumbi la mbao au mchanga maji yanayochemka, acha lipoe, lichuje. Maji hayo huua vimelea vya ukungu ambavyo vingekula kiini kisicho na ganda. Unyevu unaotakiwa ni huu: ukilikamua kwa nguvu kiganjani, litoe tone moja au mawili, si mchirizi.

Tandaza sm 5 chini ya ndoo, panga viini vilale ubavu bila kugusana, funika kwa sm 3, panga tabaka la pili, funika tena. Weka mfuniko bila kuukaza. Ndoo ikae mahali penye joto la kawaida na kivuli, jikoni mbali na moto panafaa.

Fungua mara moja kwa wiki. Kiini chenye ukungu mweupe juu juu kioshe na ukirudishe. Kilicholainika kitupe pamoja na vumbi lililokizunguka. Ukiona vumbi limeanza kupauka, nyunyiza maji kidogo.

Mizizi ya kwanza huweza kuonekana ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Haitatokea siku moja. Kiini cha kwanza na cha mwisho vinaweza kupishana miezi mingi, na hilo ni kawaida ya mti huu. Kiini ambacho bado ni kigumu kiko hai. Acha kwenye ndoo.

## Hatua ya 5: Hamishia kwenye kiriba, kisha subiri tena

Mzizi ukifika sm 2 au 3, hamisha. Ukiuacha hadi sm 8 utauvunja ukiutoa.

Jaza kiriba udongo uliochanganywa, kigonge chini ili usibaki na mianya. Toboa shimo kwa kijiti, teremsha mzizi ukiwa umenyooka, laza kiini, funika kwa udongo wa sm 1 hadi 2 tu. Mwagilia taratibu.

Hapa ndipo kosa la pili kubwa hufanyika. Mzizi umeshatoka, kiini kimo ndani ya kiriba, na wiki sita zinapita bila jani. Mtu anakata tamaa anamwaga udongo. Msambu hujenga mizizi kwanza. Chipukizi hufuata kwa wakati wake, wakati mwingine baada ya miezi. Ukitaka kuhakikisha, fukua kwa kidole ubonyeze kiini. Kikiwa kigumu, rudishia udongo.

Chipukizi la kwanza huchomoza likiwa jembamba, kisha hufungua majani mawili yanayotazamana, laini na yenye kung'aa, ambayo baadaye huwa ya kijani kizito na magumu kama ngozi. Hapo umefaulu kazi iliyowashinda wengi.

## Hatua ya 6: Kitalu

Kwa asili mche huu huanza maisha chini ya miti mikubwa. Mpe kivuli kinachozuia kama nusu hadi robo tatu ya jua. Jua la moja kwa moja huchoma majani kuanzia kingoni.

Mwagilia udongo wa juu unapoanza kukauka, asubuhi. Kwenye ukungu na manyunyu ya milimani siku nyingi hutahitaji kumwagilia kabisa. Maji ya kila siku kwenye kiriba kilichojaa huleta kinyausi: shina husinyaa usawa wa udongo na mche huanguka. Ukiona mmoja, uondoe, tenganisha viriba, punguza maji, ongeza hewa.

Funika kitalu chote kwa wavu wa waya, hata chini, kwani panya huchimba. Kila baada ya miezi 3 inua viriba ukate mizizi iliyopenya ardhini.

Ukuaji ni wa polepole. Mche wenye sm 20 hadi 30 baada ya mwaka mmoja uko sawa. Kumwaga mbolea ya chumvichumvi ili uharakishe huunguza mizizi michanga, na huo si msaada.

## Hatua ya 7: Amua kuhusu jike na dume

Msambu ni kama mpapai: kuna mti dume na mti jike, na jike peke yake ndiye anayezaa. Mche wa mbegu haukuonyeshi jinsia yake mpaka utoe maua, na kwa mti uliooteshwa kwa mbegu hilo ni jambo la miaka 10 au zaidi. Ua la dume lina mafungu 5 ya nyuzi za chavua. La jike lina kifuko kikubwa katikati, ambacho ndicho huwa tunda.

Tukichukulia nusu kwa nusu, anayepanda miche 3 ya mbegu ana nafasi 1 kati ya 4 kwamba yote itakuwa jinsia moja. Akipanda 6, hatari hiyo hushuka hadi 1 kati ya 32. Mwenye nafasi kubwa apande mingi apunguze baadaye. Mwenye eneo dogo abebeshe.

Jinsi ya kubebesha. Subiri shina la mche lifikie unene wa penseli. Kata vikonyo, yaani vijiti vya kubebeshea, vya sm 10 hadi 15 kutoka mti jike unaozaa sana, mapema asubuhi, vyenye vichomozo vilivyotuna lakini havijafunguka. Kata majani yote ukiacha vipande vifupi vya mashina ya majani, funga vikonyo kwa kitambaa kibichi, na vitumie siku hiyo hiyo.

Kata kichwa cha mche sm 15 hadi 20 juu ya udongo. Pasua katikati kwa wembe, kina cha sm 3. Chonga mguu wa kikonyo uwe kabari ya sm 3, kila upande kwa mkato mmoja. Mkato wa kusugua sugua huacha mawimbi na vidonda havigusani. Utomvu wa manjano utatoka. Ufute upesi kwa kitambaa safi, ukikauka hutenganisha ngozi mbili zinazopaswa kuungana. Ingiza kabari, linganisha gome na gome angalau upande mmoja, funga kwa utepe kutoka chini kwenda juu, vika mfuko angavu, rudisha kivulini.

Chagua vikonyo vinavyoelekea juu, usichukue vya matawi yanayolala. Tawi la kando la msambu lina tabia ya kuendelea kukua kulala hata likibebeshwa kwenye mche ulionyooka, na utapata mti unaotambaa kama mpasheni. Kama vya juu havipatikani, funga kikonyo kwenye kijiti kilichosimikwa mapema na kila kinapoinama kirudishe.

Kikonyo kilichoshika hubaki kibichi na kufungua kichomozo baada ya wiki kadhaa. Kilichonyauka na kuwa cheusi kimekufa. Mche wenyewe mara nyingi huchipua tena, kwa hiyo ujaribu upya. Kushindwa nusu ya vikonyo mara ya kwanza si ajabu.

Usisahau dume. Kama hakuna misambu ya asili karibu, bebesha au acha dume mmoja kwa kila majike 8 hadi 10. Ukiwa umezungukwa na msitu, dume wa jirani anatosha.

## Hatua ya 8: Kupanda shambani

Panda mwanzo wa masika, mvua ikishalowesha udongo sm 30 kwenda chini. Wiki 4 kabla, punguza kivuli cha kitalu kidogo kidogo.

1. Chimba shimo la sm 60 kila upande, tenga udongo wa juu na wa chini.
2. Changanya udongo wa juu na debe 1 la samadi iliyooza, rudishia hadi karibu na ukingo.
3. Chana kiriba chote na ukiondoe. Kiriba kilichoachwa hunyonga mzizi.
4. Panda mche usawa ule ule uliokuwa nao kitaluni. Maungio ya kubebesha yawe juu ya ardhi.
5. Weka matandazo ya sm 10, yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja ili mchwa wasilifikie.

Nafasi kati ya mti na mti ni mita 8 hadi 10. Palipoinama, jenga ukingo mdogo wa nusu duara upande wa chini ili maji yasimame kidogo.

Mahali pazuri zaidi ni katikati ya migomba. Hutoa kivuli cha miaka ya mwanzo, huachia unyevu, na mwenyewe unazidi kula ndizi. Mti ukipanda juu, chini yake iliki, mdalasini na pilipili manga vinaendelea.

## Miaka mitatu ya mwanzo

Zungushia kila mche wavu dhidi ya mbuzi na nguruwe pori. Palilia mduara wa mita 1 kwa mkono, jembe hukata mizizi ya juu. Kiangazi cha kwanza mpe lita 10 mara moja kwa wiki. Kwa miche iliyobebeshwa, kata kila chipukizi linalotoka chini ya maungio, maana hilo ni la mche wa chini na litakula chakula cha jike uliyemtafuta. Majani ya migomba punguza mwaka wa pili kuendelea, msambu uanze kupata jua la juu.

Majani ya manjano yenye mishipa ya kijani kwenye udongo unaotuama humaanisha mizizi haipumui: chimba mfereji, usiongeze mbolea. Majani yaliyokauka kingoni tu ni jua kali. Mche uliosimama bila jani jipya mwaka mzima, huku gome likikwaruzwa linaonyesha kijani, unajenga mizizi. Uache.